Kuhusu taa zako za jikoni

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na kwa kuwa fundi anakuharakisha, nakujibu bila kuzunguka: kati ya taa za kuzamisha darini za volti 12 na zile za umeme wa kawaida wa nyumba, chukua za umeme wa kawaida.

Najua fundi anazisifu za volti 12. Enzi za halojeni ningemuunga mkono: balbu zile ndogo zilikuwa na waya mnene uliodumu, na mwanga wake ulikusanyika vizuri. LED imefuta karibu tofauti yote hiyo. Kilichobaki ni transfoma, kile kifaa cha kushusha umeme wa nyumba hadi volti 12, na ndiyo iliyonitia adabu.

Jikoni kwangu nilikuta taa sita za namna hiyo, kila moja na transfoma yake juu ya dari. Nikang'oa halojeni za wati 50, nikaweka LED za wati 5, najiona mjanja. Usiku ule ule nne zikapepesa kama za disko, mbili zikakataa kuwaka kabisa. Kumbe transfoma zile zilitengenezwa kwa mzigo wa wati 20 hadi 60. Ukizipa wati 5, ni kama hujazipa kitu. Ikabidi zitolewe zote kupitia matundu ya taa, vumbi likimwagikia sufuria zangu. Mume wangu ananitania hadi leo.

Wala usidanganywe kwamba volti 12 haina hatari. Kwenye balbu hutapigwa shoti, lakini transfoma yenyewe inalishwa umeme uleule wa ukutani. Tena kwa wati zilezile, volti ikipungua, ampea, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya, huongezeka: wati 50 kwa volti 230 ni kama ampea 0.2, kwa volti 12 ni zaidi ya 4. Kiungo kikilegea, hapo ndipo panapochemka.

Kama ungekuwa tayari na transfoma nzima za LED, nisingekwambia uzing'oe. Lakini wewe unaanza upya!

Swichi ya kupunguza mwanga iwe ya LED. Na kama juu ya dari kuna sufi ya kuzuia joto, taa ziwe za aina inayoruhusiwa kugusana nayo.

Ninalotaka ulisumbukie zaidi ni mahali pa kutoboa. Mafundi hupenda kuzipanga katikati ya chumba, maana zinapendeza ukitazama juu. Sasa simama ukate vitunguu: taa iko mgongoni, kivuli chako kimelala juu ya ubao. Mwambie azisogeze zikae juu ya ukingo wa meza ya kukatia. Rangi ya mwanga iwe kelvini 3000, yenye umanjano kidogo. Za 6500, zenye weupe wa kibuluu, zitaifanya nyama ionekane imeshakaa siku tatu.

Asitoboe kabla hujanitumia mchoro. Wabusu watoto.

Wako,
Salma