Kamera ya mamilioni na bwana harusi asiye na uso

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nichangie makala ya kamera mliyoichapisha Jumamosi iliyopita, ambayo mwandishi wake aliwashauri vijana wanaotaka kuingia katika upigaji picha wadunduize kwanza fedha za kununua kamera mpya, ya aina ile isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), pamoja na lenzi mbili za daraja la juu. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Tanga na mpiga picha wa ridhaa, na kamera nimeishika tangu enzi za filamu za picha 36, ambazo tulizitumia kwa hesabu kama sukari ya mgao.

Sina ugomvi na kamera mpya. Kilichonisukuma kuandika ni picha iliyopamba makala yenyewe: bwana harusi amesimama juani mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kanzu yake nyeupe inaonekana vizuri hadi nyuzi za darizi ya shingoni, lakini chini ya kofia hapana uso, pana doa jeusi. Lenzi iliyozinasa nyuzi zile kwa ukali ule si lenzi ya kubahatisha. Kilichokosekana ni kuusoma mwanga, jambo ambalo makala haikuligusa hata kwa sentensi moja.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu wala uso. Kazi yake ni kukadiria kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vinatoa rangi ya kijivu cha kati. Kwa hiyo kikikutana na kanzu nyeupe na ukuta mweupe huamua kuwa mwanga umezidi, hupunguza, na ngozi nyeusi iliyo katikati ya weupe huo huzama. Ni kweli kwamba kamera nyingi za siku hizi hutafuta uso na kuupa kipaumbele, lakini ukiuinua uso uliomo kivulini mwa kofia, kanzu inayopigwa na jua huungua ikabaki karatasi tupu. Mwanga wa namna hiyo humshinda hata mwenye kamera ya mamilioni, na dawa yake ni kuhama.

Hilo nilijifunza kwa aibu. Siku moja ya Idd nilimpiga picha marehemu mjomba wangu nje ya msikiti, yapata saa tano asubuhi. Filamu iliporudi kutoka studio aliichukua ile picha, akaisogeza dirishani, akaigeuzageuza, kisha akaniambia, "Mjomba, kanzu hii naifahamu, lakini aliyeivaa simjui." Idd iliyofuata nilimkalisha barazani kwake, kivulini, akiutazama ukuta mweupe wa nyumba ya ng'ambo ya njia uliokuwa ukirudisha mwanga wa jua polepole usoni pake. Nilisogea hadi uso wake ukajaa kwenye kioo cha kutazamia, nikasoma kipimo, nikapunguza mwanga kwa nusu kwa sababu kipima mwanga hutaka hata ngozi yetu iwe ya kijivu, kisha nikarudi nyuma hatua tatu nikapiga. Kamera ilikuwa ile ile, na lenzi ile ile. Mikunjo ya pembeni mwa macho yake ilionekana yote, na picha hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni hadi alipofariki.

Sisi wa mwambao tuna sababu ya ziada ya kulijua jambo hili. Hapa Tanga, tulio takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, jua la adhuhuri hutupita utosini kabisa mapema Machi na tena mapema Oktoba, na katika majuma hayo macho ya watu huwa mashimo mawili yenye giza. Jioni nayo haingoji: jua likishazama, mwanga wa buluu unaofaa kupigia picha ngalawa ufukweni hudumu kama dakika 20 tu. Vitabu vingi nilivyosomea viliandikwa na watu wa nchi ambako jioni hujikokota, kwa hiyo nilichelewa mara nyingi kabla sijaacha kuviamini.

Tena, vifaa vyenyewe havikuundwa kwa kutufikiria. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya kipimo yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, maarufu kwa jina la kadi ya Shirley, na rangi za ngozi zilirekebishwa kwa kumwangalia yeye. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa waliolalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri. Pamoja na hayo, wapiga picha wa kwetu hawakusubiri filamu bora. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, ameacha picha ambazo leo hii ukizitazama unazisoma sura za watu.

Kwa kijana mwenye fedha kidogo, ushauri wangu ni kamera ya mtumba iliyo nzima na lenzi moja ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8 (namba hii ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga huwa kubwa). Lenzi inayouzwa pamoja na kamera za bei nafuu, ikivutwa hadi milimita hizo, hufunguka kufikia f/5.6 tu, maana yake ile ya kwanza hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Ukumbini usiku, picha iliyodai mwanga uingie kwa 1/10 ya sekunde, ambayo mkono hauwezi kuishika bila kutikisika, sasa hutosheka na 1/100. Ajihadhari tu kwamba kwa uwazi huo jicho likiwa kali sikio huwa limeshafifia, na wakikaa watu wawili ni heri arudi f/4. Habari ya megapikseli isimnyime usingizi. Picha ya megapikseli 12 huchapwa vizuri kwa upana wa inchi 13, na wengi wetu hatuna hata ukuta wa kuitundikia.

Kabla hajalipa, aimulike lenzi ndani kwa tochi. Niliwahi kuuziwa lenzi iliyong'aa kama mpya, kumbe ndani ilikuwa na kuvu iliyotambaa kama utando wa buibui, na muuzaji akaniambia ni vumbi. Unyevu wa pwani huileta haraka, hasa kwa wanaofungia kamera kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Yangu hukaa katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu.

Nina ombi moja, Mhariri. Ikiwa mpiga picha wenu alihifadhi faili ghafi la picha ile, yaani lile lenye yote yaliyonaswa na kamera kabla ya kubanwa, huenda uso wa bwana harusi bado umo ndani ya giza lile na unaweza kuinuliwa kwa programu ya kuhariri. Naomba muichape upya pamoja na ile ya kwanza, ubavu kwa ubavu, na mwandishi aeleze chini yake ilipigwa saa ngapi.

Mwalimu mstaafu,
Tanga.