Mzizi au predinisoloni?

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimekuwa nasoma ukurasa wenu wa afya na kunyamaza, lakini ile taarifa ya mbwa waliolishwa unga wa mizizi "wakapona saratani" imenishinda. Aya ya tisa mwandishi anadokeza, kwa kupitia tu, kwamba mbwa hao walikuwa pia wanapewa predinisoloni, dawa ya aina ya steroidi inayotuliza uvimbe. Aya ya tisa! Habari yote ilikuwa hapo.

Mbwa mwenye limfoma (saratani ya tezi) akipewa predinisoloni peke yake, tezi zilizovimba chini ya taya na nyuma ya magoti hunywea ndani ya siku chache, akaanza tena kula na kurukaruka. Nafuu hiyo kwa kawaida ni ya mwezi mmoja au miwili. Kisha tezi hurudi, na mara nyingi zinakuwa sugu kwa dawa za kemikali ambazo zingefaa mwanzoni. Katikati ya hapo mpe mzizi, jani, hata maji ya kisima: sifa zitakwenda kwa kisima. Ndiyo maana jaribio la kweli huanza na kipande cha uvimbe kupelekwa maabara (ni mara ngapi uvimbe wa mafuta tu umeshatangazwa kuwa saratani iliyopona?). Kisha mbwa hugawanywa kwa kura, na anayeshika kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo cha uvimbe, hajui nani kapewa nini. Kipenyo kirefu kisipopungua kwa angalau asilimia 30, hiyo haihesabiwi nafuu. Na unga wenyewe? Mzizi umevunwa lini, umetolewa dawa kwa maji au kwa spiriti? Kiini chake kisipopimwa, pakiti ya leo si dawa ya jana.

Sidharau mimea. Dawa iitwayo tigilanoli tiglati hutoka kwenye mbegu za mti wa misitu ya Queensland, Australia, na Marekani iliiidhinisha mwaka 2020 kwa uvimbe wa seli za masti, aina ya saratani ya ngozi ya mbwa. Sindano moja ndani ya uvimbe iliumaliza kabisa kwa asilimia 75 ya mbwa kufikia siku ya 28, dhidi ya asilimia 5 ya wasiodungwa dawa hiyo. Na steroidi? Walipewa mbwa wa makundi yote mawili, ili isimdanganye mtu. Kipimo nacho ni hesabu: urefu mara upana mara kimo, gawa kwa mbili, kisha nusu mililita ya dawa kwa kila sentimita ya ujazo. Si "kijiko asubuhi na jioni".

Halafu hilo neno "asilia". Vinkristini, dawa ya saratani, imetoka kwenye ua la Madagaska, na ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama. Kitunguu saumu, kinachotiwa kwenye kila mchanganyiko, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Asilia pia.

Napendekeza kalipa ifungwe kwa mnyororo kwenye meza ya mwandishi wenu, na picha yoyote ya "kabla na baada" isiyo na rula pembeni ihamishiwe ukurasa wa nyota.

Daktari wa mifugo