Tusiwamwagie samaki wa mapambo vidonge vya binadamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wauzaji wa samaki wa mapambo, pamoja na sisi tunaowafuga majumbani, tuache tabia ya kufungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake ndani ya tangi kila samaki anapoonekana mnyonge. Nimefanya hivyo mwenyewe, na kati ya samaki wanne niliokuwa nao amebaki mmoja.

Walikuwa samaki wa dhahabu, katika tangi la kioo la lita 60 sebuleni kwangu. Nilipomleta wa nne kutoka dukani haikupita wiki, wote wakaanza kujisugua kwenye mawe na kukataa chakula. Nilimpigia simu muuzaji, naye, bila kuniuliza neno lolote kuhusu maji, akaniambia nikanunue tetrasaiklini, antibayotiki ya kupambana na bakteria. Niliuziwa bila cheti cha daktari, nikamwaga vidonge viwili, maji yakawa ya manjano na povu likatanda juu. Siku ya tatu akafa wa kwanza.

Usiku ule nilizima taa, nikamulika tochi kutoka ubavuni mwa kioo, na hapo ndipo nilipoona kile ambacho mwanga wa mchana ulikuwa umenificha: vidoa vyeupe, kila kimoja kama punje ya chumvi, vimetapakaa mkiani na kwenye mapezi. Huo ni ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, ambacho si bakteria, na kwa hiyo antibayotiki haikidhuru. Kimelea hicho hujichimbia ndani ya ngozi ya samaki. Kikishiba hudondoka, hutua chini ya tangi, hujifunika kwa gamba na kujigawa humo kuwa mamia ya vimelea vichanga vinavyotoka kuogelea kutafuta samaki wa kumshambulia. Ni katika kipindi hicho cha kuogelea tu ndipo tiba inapoweza kuviua. Ndiyo maana mtu huona madoa yametoweka, akashukuru na kuacha tiba, kisha baada ya siku chache yakarudi mengi kuliko mwanzo.

Lililoniumiza zaidi nililigundua baadaye. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ina madhara madogo zaidi. Mimi kila Jumapili nilikuwa naisuuza sponji ile kwenye maji ya bomba hadi itakate, nikidhani ndio usafi, kumbe klorini ilikuwa inawaua bakteria hao, na dawa niliyoimwaga ingeweza kuwamaliza waliosalia. Nilipoazima vipimo vya matone vya kupimia amonia, maji ndani ya kichupa, ambayo yangebaki ya manjano kama yangekuwa salama, yaligeuka kijani. Samaki wangu walikuwa wanaishi ndani ya sumu, wanne katika tangi lisilowatosha, kabla kimelea hakijawakuta wamedhoofika.

Tiba iliyomwokoa yule mmoja haikutoka famasi. Niliondoa theluthi moja ya maji nikinyonya uchafu wa chini kwa mpira, nikarudishia maji yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku nzima, nikawasha pampu ya hewa mchana na usiku. Kisha nikapima gramu 120 za chumvi, yaani gramu 2 kwa kila lita, nikaiyeyusha pembeni na kuiingiza kidogo kidogo kwa siku mbili. Kila nilipobadilisha lita 20 niliongeza gramu 40 tu, kwa kuwa chumvi haipotei maji yanapopungua kwa joto. Niliendelea kwa wiki mbili kamili, hata baada ya doa la mwisho kutoweka. (Mwenye mimea au samaki wa jamii ya kambare tangini asiige kipimo hiki bila ushauri, kwa sababu hao hawaivumilii chumvi vizuri.)

Iwapo samaki wote wanakuja juu kwa pamoja kuhema na hakuna doa lolote mwilini, lawama ya kwanza iende kwenye maji, au kwenye pampu iliyozimika umeme ulipokatika. Daktari wa mifugo anahitajika pale penye vidonda au magamba yaliyosimama, na yeye ndiye wa kuamua kama antibayotiki inafaa. Tunaambiwa kila siku kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Maji ya tangi langu lenye tetrasaiklini niliyamwaga kwenye mtaro unaopita mbele ya nyumba za majirani, na sitayasahau.

Nawaomba wauzaji wawatenge samaki wapya kwa wiki mbili kabla ya kuwauza, na mteja anapopiga simu kwamba samaki wake anaumwa, wamuulize kwanza tangi lina lita ngapi, samaki wangapi, na maji yalibadilishwa lini. Nawe Mhariri, ningeshukuru kama gazeti lako lingemwalika mtaalamu wa afya ya samaki, pengine kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, atueleze wafugaji wa majumbani mambo haya kwa upana kuliko nilivyoweza mimi.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam