Usiifungue kamera ya ami

Mkomani, Amu
Ijumaa, baada ya laasiri

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeletewa jana na binamu yako alipovuka kutoka Mokowe. Nimefurahi mno kusikia ile Pentax ya marehemu ami yako umepewa wewe. Salamu za nyumbani nitazimaliza chini; kwanza nakusihi, mgongo wa kamera usiufungue.

Tazama kirungu cha juu, upande wa kushoto. Kina kijikono cha kukunjua. Kizungushe taratibu kufuata mshale, bila kubonyeza kitu. Kikizunguka ovyo, hamna kitu ndani. Kikikaza, acha hapo hapo. Mna filamu, na picha zilizomo ni za ami. Jua likiingia mara moja tu, zimekwenda. Bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, ndipo uzungushe kijikono mpaka ukisikie kimelegea kabisa. Hapo sasa vuta kirungu juu, mgongo utafunguka. Unapoipeleka kusafishwa, waambie ni filamu ya siku nyingi. Rangi zitakuwa zimefifia, lakini hata sura moja ikitoka, mama yako atashukuru.

Sasa hilo la arusi. Umesema unataka kuanza na arusi ya dada yako. Shoga, usifanye hivyo. Mwaka juzi filamu yangu ya kwanza niliipeleka Maulidi. Nilisimama karibu na msikiti wa Riyadha, matwari yanalia, vijana wamejipanga kwa kanzu wanayumba pamoja, nami napiga, nasogeza, napiga, mpaka kihesabu kikafika 36. Iliporudi kutoka kusafishwa ilikuwa angavu mwanzo hadi mwisho, hamna hata picha moja. Ncha ya filamu haikushika kwenye gurudumu la ndani linaloivuta. Kihesabu kilikuwa kikihesabu mkono wangu, si filamu. Nililia siku ile. Lakini Maulidi hurudi kila Mfungo Sita. Arusi ya dada yako hairudi.

Tangu hapo kinga yangu ni moja. Nikishatia ncha na kufunga mgongo, nazungusha kijikono kidogo filamu ikaze, halafu kila nikisogeza naangalia kile kirungu cha kushoto. Kikizunguka chenyewe, filamu inakwenda. Kikitulia, haikushika, na hapo nafungua bila hofu kwa sababu sijapoteza kitu.

Mwanga ndio utakaokusumbua, na ndio raha yenyewe. Ndani ya kitazamio, upande wa kulia, utaona kisindano. Kikikaa kati, kamera inasema sawa. Usikiamini kila mara! Kisindano hudhani kila kitu duniani ni kijivu. Ukielekeza kwenye ukuta wa chokaa au kanzu nyeupe, kitakwambia mwanga ni mwingi, ukikifuata kanzu itatoka kama imeingia vumbi. Ukielekeza kwenye buibui jeusi, kitakosea kinyume chake. Mimi hupima kiganja changu, nikikiweka kwenye mwanga ule ule wa ninayempiga, kisha naongeza mwanga hatua moja: kama kimesema tundu la lenzi liwe 11, naweka 8 (nambari ikishuka, tundu hupanuka). Na ukiwa na shaka, filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Betri ikifa usihuzunike, kamera hii ni ya chuma na springi, kinachozimika ni kipimo tu. (Na ukimaliza kazi vika lenzi kifuniko chake, haina swichi ya kuzima, ikiachwa wazi kwenye mwanga, betri inaliwa.) Jua kali la adhuhuri halihitaji hata kipimo: kwa filamu ya 200 (hiyo ni nambari ya wepesi wake wa kushika mwanga), weka tundu 16 na kasi 250, yaani sehemu moja ya 250 ya sekunde. Kwetu ukitoka barabara ya bandarini ukaingia kichochoroni, fungua mpaka 4. Chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia, hata hiyo haitoshi, itabidi upunguze kasi pia. Hatua chache tu za mguu, na mwanga umebadilika namna hiyo. Kabla ya kupata kamera yangu nilipita njia hizo maisha yangu yote nisilione hilo.

Kwa hiyo nunua filamu mbili za aina moja. Ya kwanza imalize hapo Malindi kwa vitu visivyokimbia: mlango, boti zilizopandishwa pwani, mama yako akikuna nazi akikubali. Kila picha iandike kwenye daftari, tundu na kasi, ili negativu zikirudi ujue ulikosea wapi. Ya pili ndiyo ya arusi, kama ya kwanza imetoka vizuri. Lenzi nyingine usinunue sasa. Pesa zako ziende kwenye filamu.

Halafu chumvi na unyevu. Unyevu wa pwani yetu huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukishaingia kutoka ni kazi. Kamera usiifungie kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye kufunga sawasawa, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ukitoka pwani ifute kwa kitambaa kikavu kabla hujala.

Bibi anakusalimu, anauliza utavuka lini. Nijibu upesi, hata kwa neno moja kwa binamu yako anaporudi Jumapili: kirungu kilikaza?

Shoga yako wa Amu