Kuhusu kuungua

Habari za asubuhi wanakikundi. Jana jioni mtoto wa mwenzetu alimwagikiwa uji wa moto mkononi, tulipofika tukakuta keshapakwa dawa ya meno. Jamani, dawa ya meno ni ya meno! Na asali, yai, mafuta, barafu, vyote hapana. Mtu akiungua, mvueni haraka bangili na nguo isiyogandia kwenye ngozi, kisha mmwagieni maji ya kawaida kwa dakika 20 kamili. Dakika 2 hazitoshi. Kama bomba halitoi, chota ndooni kwa kikombe. Malengelenge msitumbue. Funikeni kwa kitambaa safi. Ikiwa ni usoni, mikononi au sehemu za siri, hospitali siku hiyohiyo. Mtoto anaendelea vizuri. Kikao Jumamosi saa 10 jioni, palepale.