Seva yako si goigoi, inangoja tu

Simu nyingi tunazopokea huanza na ombi lilelile: "Tuongezeeni seva, tovuti inakwama." Tukiingia kuangalia, mara nyingi tunakuta prosesa imetulia, memori imebaki tele, na huku watumiaji wanakodolea macho kiduara kinachozunguka. Seva haijachoka. Iko kama karani aliyebandika simu sikioni akisubiri mtu wa upande wa pili ajibu, na foleni dirishani inazidi kurefuka.

Tovuti nyingi tunazozihudumia zimeandikwa kwa PHP, lugha ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995. Mtindo wake wa kawaida ni huu: ombi linaingia, mchakato mmoja unalichukua, unatekeleza mstari baada ya mstari, unajibu, kisha unasahau kila kitu. Hatuubezi mtindo huo. Kosa lililotokea kwenye ombi la mtu mmoja halimwagikii ombi la mwingine, na msimbo unasomeka kwa urahisi. Kasoro ni kwamba mstari ukisema "iulize benki kama malipo yameingia", mchakato wote unasimama hapohapo mpaka benki ijibu. Haufanyi kazi nyingine yoyote.

Tuliona madhara yake kwenye duka moja la mtandaoni. Mnunuzi akibonyeza "Agiza", ukurasa ulikuwa unauliza ghala kama bidhaa ipo, unauliza gharama ya usafirishaji, kisha unatuma SMS ya uthibitisho. Siku moja huduma ya SMS ikazidiwa, ikawa inapokea muunganisho lakini haijibu. PHP-FPM, programu inayoendesha michakato ya PHP kwenye seva, ilikuwa bado na michakato 5, kiwango kinachokuja na faili lake la mipangilio. Wanunuzi 5 walipobonyeza, michakato yote 5 ikanasa. Wa sita alitaka tu kusoma ukurasa wa mawasiliano, usiohusiana na SMS hata kidogo, naye akakwama. Baada ya sekunde 60 Nginx, programu inayopokea maombi ya watumiaji na kuyapeleka kwa PHP, ikakata tamaa na kumwonyesha kosa la 504, yaani jibu limechelewa mno.

Mwenye duka alituuliza swali zuri: si kuna max_execution_time, kikomo cha PHP cha muda wa kutekeleza skripti, cha sekunde 30? Ipo, lakini kwenye Linux saa hiyo huhesabu muda ambao skripti yenyewe inafanya kazi. Muda wa kungoja mtandao au hifadhidata hauhesabiwi. Nayo cURL, zana ambayo msimbo wa PHP hutumia kuuliza huduma nyingine mtandaoni, usipoiwekea kikomo cha muda cha CURLOPT_TIMEOUT, huchukua sifuri, maana yake ngoja bila kikomo. Msimbo ule, tukiri, tuliuandika sisi. Tiba ya kwanza ilikuwa mstari mmoja: sekunde 3, ukikosa jibu endelea na safari.

Tiba ya pili ndiyo inayogusa kile wanaprogramu wanachokiita asinkroni, yaani kutuma swali bila kusimama kulingoja jibu. Chukulia ghala linajibu kwa sekunde 0.8, usafirishaji 1.2, na SMS 2. Ukiuliza kwa zamu, mnunuzi anangoja sekunde 4. Lakini swali la ghala na la usafirishaji hayategemeani, kwa hiyo tuliyatuma kwa pamoja kwa curl_multi_exec, amri ya cURL ya kuendesha maswali mengi kwa mpigo, na muda wake ukawa ule wa linalochelewa zaidi, yaani kama sekunde 1.2. SMS tuliitoa kabisa kwenye njia ya mnunuzi: inaandikwa kwenye foleni, na programu nyingine inaituma pembeni. Mashine ilibaki ileile.

Je, uhamie moja kwa moja kwenye zana za PHP za asinkroni kama ReactPHP, Amp au Swoole? Hapo mchakato mmoja unaweza kushikilia maelfu ya miunganisho, ukihudumia kila uliopata jibu na kuiacha mingine ingoje. Tangu PHP 8.1, iliyotoka Novemba 2021, lugha yenyewe ina fiba, zinazoruhusu kazi isitishwe katikati na kuendelezwa baadaye pale ilipoishia. Kwa gumzo la moja kwa moja au arifa zinazotiririka, tunapendekeza bila kusita. Kwa duka la kawaida au tovuti ya habari, kwa kawaida tunamshauri mteja abaki na mtindo wa zamani.

Ushauri huo tumeupata kwa maumivu. Katika mtindo huu mpya wa asinkroni, sleep(5) moja iliyosahaulika, yaani amri ya kulala sekunde 5, inawasimamisha watu wote waliounganishwa kwa sekunde 5. Ulizo la kawaida la PDO, njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata, nalo linaziba njia vivyo hivyo. ReactPHP na Amp zinahitaji viunganishi vyake vya hifadhidata. Mchakato hausahau tena baada ya kila ombi, basi kigezo kinachovimba kidogokidogo kitakula memori hadi programu ianguke. Na kama tatizo lako ni kupunguza ukubwa wa picha, usitarajie nafuu: hapo prosesa inafanya kazi kweli, haingoji mtu.

Kuna kingine kinachosingiziwa seva. Amri ya session_start hufunga faili la kikao, lile linalohifadhi taarifa za mtumiaji kati ya kurasa, hivyo mtumiaji akifungua kurasa mbili kwa mpigo, ya pili inangoja ya kwanza imalize. Ita session_write_close mara tu unapomaliza kuandika, na malalamiko ya "kwangu tu ndiyo inakwama" hupungua.

Kabla ya kukuuzia chochote tunataka ushahidi. PHP-FPM ina mpangilio wa kunasa maombi yanayochelewa, request_slowlog_timeout, ambao huja ukiwa umezimwa. Uweke sekunde 2, taja pia faili la slowlog, ambamo maombi hayo huandikwa, na kila ombi linalozidi muda huo litaandikwa pamoja na faili na mstari liliponasa. Acha ikusanye siku moja yenye shughuli nyingi, kisha tutumie faili hilo pamoja na maelezo ya tatizo lako. Mstari ukijirudia mara nyingi humo, tutaanzia hapo.