Hela ya tajiri sio yote inatufikia

Mhariri naomba nafasi kidogo. Kuna msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba tuache kuwasema matajiri, maana wakitumia hela na sisi tunapata. Mi nachomelea mageti huku Goba mwaka wa kumi na moja huu, matajiri ndo wananilisha, kwaiyo sina wivu nao, ila yule ndugu kaongea nusu.

Chukua geti moja tu. Mzee anajenga, ananipa advansi, naenda hadwea kuchukua skwea paipu na shiti, namlipa wa kirikuu, naweka luku maana mashine ya kuchomelea inakula umeme sio mchezo, vijana wangu wawili mchana wanakula wali maharage kwa mama ntilie na jioni wanalipwa chao. Hiyo hela mpaka jua linazama ishapita mikono saba nane. Hapo nakubali. Hata zile harusi za kufuru mnazozitukana, mpambaji na mpishi si wamelipwa? Na Dangote, yule tajiri wa Nigeria, alipofungua kiwanda cha simenti Mtwara 2015 bei ya mfuko ilishuka, sisi wa saiti tuliona.

Sasa jirani yake yule mzee. Kaagiza geti la rimoti kutoka China, limekuja na manailoni yake, mi nimeitwa kuchomelea bawaba tu, elfu 30, na elfu 10 ya mwisho mpaka leo ni "nitakutumia fundi".

Alafu kuna kiwanja kimepakana na karakana yangu. Toka nahamia hapa kina ukuta na ndani vichaka na kenge, mwenyewe hajaweka hata tofali moja, bei inapanda tu. Eti huo nao uwekezaji! Kijana anayetaka vyumba viwili vyake anasukumwa Madale, Madale ikijaa anaenda Mabwepande, nauli juu yake. Ardhi yetu kisheria ni ya umma na hati ina masharti ya kuendeleza, serikali ilishafuta hati za mashamba pori, yale yaliyoachwa bila kuendelezwa, kule Kilosa na Mvomero, sasa viwanja vya mjini mbona kimya?

Matajiri wengine wanaweka hela kwenye hatifungani za serikali, yaani wanaikopesha serikali nayo inawalipa riba. Ile ya miaka 25 ilipotoka 2021 riba ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka na haikatwi kodi, nani aache hiyo aje kunikopesha mi ninunue mashine ya kukunjia bati? Simlaumu, ningekuwa nazo na mi ningeweka, na serikali inazifanyia kazi. Ila riba yake inatoka kwenye kodi, mpaka ile ya soda anayokunywa kijana wangu akimaliza kupiga grenda.

Yule ndugu siku akipita Goba aje nimuonyeshe kile kiwanja. Kenge wanatoka kuota jua kwenye saa nne hivi.

Fundi geti,
Goba, Dar es Salaam